Kiraka Aliyesema Hapana

Kuna watu ambao riziki yao imo katika maradhi ya wenzao. Daktari ni mmoja, mchimba kaburi wa pili, na wa tatu alikuwa Corinne Halvorsen, binti wa mfuga ng'ombe wa maziwa wa Minnesota, aliyekaa New York miaka ishirini na mitatu akiimba na kucheza katika maigizo ya muziki. Asidhaniwe vibaya. Corinne hakumwombea mtu mafua. Ila kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo: kukaa ghorofa ya tano ya jumba la maonyesho, viatu miguuni, nywele zimebanwa, akingoja kusikia leo nani kateguka kifundo cha mguu, nani kaamka hana sauti, nani mwanawe kalazwa. Akishaambiwa, anashuka ngazi mbio, anavaa nguo za huyo aliyepatikana na balaa, anaingia jukwaani. Watu wa mpira wana jina zuri la mchezaji wa namna hii. Wanamwita kiraka: leo beki, kesho winga, na kipa akiumia atavaa glavu.

Corinne alikuwa kiraka wa nafasi kumi na nne. Jumatano moja aliingia akiwa mtawa kabla ya mapumziko na akarudi akiwa kahaba baada ya mapumziko, na hakuna mtazamaji aliyegutuka. Hilo lilikuwa fahari yake, kwamba haonekani. Jina lake halikuwahi kuchapwa kwenye orodha ya wahusika. Lilikuja kwa kikaratasi cheupe kilichochomekwa katikati ya kijitabu cha onyesho: nafasi ya fulani leo itachezwa na Corinne Halvorsen. Watu wakikiona kikaratasi hicho huguna, maana walikuja kumwona mwenyewe, kisha hukiacha kidondoke chini na kukikanyaga.

Hayo yote aliyazoea. Asilolizoea ni habari ya baba yake.

Mzee Merle Halvorsen hakuwahi kumwona binti yake akiimba jukwaani tangu alipomaliza shule. Si kwamba hakutaka. Ng'ombe sitini hukamuliwa mara mbili kwa siku, alfajiri na saa kumi na moja jioni, Krismasi na Pasaka zikiwemo, na kiraka hujulishwa kwamba ataingia saa tatu au nne kabla ya pazia kufunguliwa. Kutoka zizini hadi New York ni mwendo wa siku nzima. Basi Corinne alipopata nafasi, baba yuko na ndoo. Mara moja tu, mama yake Corinne angali hai, wazee walimwachia Dale, kaka yake Corinne, zizi, wakapanda ndege, wakaketi safu ya saba wamevaa nguo zao za kanisani. Siku hiyo, kwa kukomoa, kila mchezaji alikuwa buheri wa afya.

"Ilikuwa nzuri," Mzee Merle alisema walipokutana nje. "Wewe ulikuwa yule mwenye kichwa cha mbweha?"

"Hapana, Baba. Nilikuwa juu ghorofani."

"Ukifanya nini?"

"Nikingoja."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kwa adabu. Hakuuliza tena, na mama akafungua mkoba akatoa biskuti alizobeba kutoka nyumbani. Corinne alilia kwenye treni siku ile, akiwa na miaka thelathini na mmoja, mbele ya watu.

Miaka kumi na sita ikapita. Mama akafariki. Mzee akafika themanini na mmoja, na bado kila saa kumi na moja jioni yuko zizini na Dale. Ndipo barua ikaja kutoka Chuo cha Norby, chuo kidogo cha Minnesota kilicho maili sitini kutoka zizi la Halvorsen, kikimwalika Corinne kuwa msanii mgeni kwa wiki sita. Atafundisha asubuhi, na mchana atafanya mazoezi na wanafunzi wa igizo jipya la muziki. Yeye atacheza Hilda, mwenye hoteli ya kando ya mto, anayekataa kuhama mji unapofurika. Hilda ndiye nguzo ya igizo. Tarehe ya kufungua: Jumamosi ya pili ya Aprili, saa nane mchana.

Corinne aliisoma ile tarehe mara nne. Kisha akampigia baba yake simu, akamwambia siku na saa.

"Saa nane," alisema Mzee. "Naweza kuwahi kukamua."

Igizo lilikuwa la Profesa Everett Quigley, mtu mrefu mwenye skafu ndefu kuliko yeye, aliyeliandika kwa miaka tisa na kulilinda kama kuku mwenye vifaranga. Alimpokea Corinne uwanja wa ndege mwenyewe, akambebea mizigo, akamweleza igizo zima toka mwanzo hadi mwisho kabla hawajafika kwenye gari.

"Wanafunzi wangu hawajawahi kumwona mtu aliyefanya kazi hii kweli kweli," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza. Tafadhali usiwavunje moyo."

"Nitajitahidi niwavunje miguu tu," alisema Corinne, maana waigizaji wa huko hutakiana heri kwa kuambiana "vunjika mguu", na profesa akacheka mpaka skafu ikanasa kwenye mlango wa gari.

Tatizo lilijitokeza wiki ya kwanza. Mtu mwingine akipewa nafasi moja hujifunza nafasi moja. Corinne hakujua hiyo hufanywaje. Alikuwa na daftari lake na penseli za rangi, na kabla ya Ijumaa alikuwa keshachora njia ya kila mchezaji, wote kumi na tisa: nani aanzie namba gani kati ya zile zilizochorwa ukingoni mwa jukwaa, nani apite nyuma ya nani, nani ashike kiti kwa mkono gani. Aliimba midomoni maneno ya wengine bila kujijua. Siku moja, katika wimbo wa kujaza mchanga magunia, kijana mmoja wa mstari wa nyuma alichelewa kutoka msalani. Corinne aliona pengo. Miguu ikampeleka yenyewe. Akaziba pengo, akarusha gunia, akageuka, akapiga kisigino, kila kitu sawasawa, na muziki ukakatika.

"Hilda yuko wapi?" aliita Quigley kutoka gizani. "Wimbo ni wake! Nani kamwona Hilda?"

Wanafunzi wakatazama huku na huku, kisha wote wakamtazama Corinne aliyesimama mstari wa nyuma na gunia mkononi. Wakaanguka kwa kicheko.

"Samahani," alisema. "Kulikuwa na pengo."

"Bi Corinne, pengo ni hapa!" Profesa alikuja mbio hadi ukingoni, akagonga sifuri iliyochorwa katikati. "Hapa! Hapa ndipo pana pengo la mtu mzima!"

Corinne alicheka na wao, lakini usiku wake haukuwa mzuri. Miaka ishirini na mitatu amezifuata nyayo za wanawake wengine, akivuta pumzi pale walipovuta wao. Hili lilikuwa igizo jipya. Hilda hakuwa na mtu kabla yake. Hakukuwa na nyayo za kufuata, na Corinne, sitaficha, aliogopa kama mwanafunzi.

Aliyemwelewa ni binti mmoja anayeitwa Pahoua Xiong. Alikuwa mwaka wa tatu, mfupi, mkimya, mwenye miwani inayoteleza puani, na wazazi wake waliuza mboga sokoni mjini Saint Paul. Alipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: ajifunze nafasi ya Hilda, mgeni akiumwa. Corinne alipofundisha darasa la daftari na penseli za rangi, nusu ya wanafunzi walisinzia. Pahoua alikuja kesho yake na daftari lake mwenyewe, njia zote kumi na tisa, na amemsahihisha Corinne mahali pawili.

"Nani kakwambia ujifunze wote?" Corinne aliuliza.

"Hakuna. Mbona na wewe umejifunza wote?"

Corinne akamwazima kifutio.

Jumamosi ya kufungua, saa mbili asubuhi, theluji ikiwa bado imekwama kwenye vivuli vya majengo, Britta Sorum alianza kutapika. Britta ndiye aliyecheza Mjane Tollefson, karani wa posta, mwenye wimbo mgumu kuliko zote: barua arobaini, majina arobaini ya watu wa mji, moja baada ya jingine, kasi ile ya mnadani, na mkono unagonga mihuri. Kufika saa tatu Britta alikuwa kitandani bwenini na beseni, na Quigley alikuwa ofisini akizungusha skafu shingoni kana kwamba anataka kujinyonga nayo.

"Bi Corinne," alisema, "wiki iliyopita Britta alipochelewa uliimba nafasi ya Mjane mstari kwa mstari. Sikuamini masikio yangu. Sasa nimewaza hivi. Wewe uingie Mjane. Pahoua anamjua Hilda, aingie..."

"Sawa," alisema Corinne.

Alisema kabla profesa hajamaliza. Neno lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyonyoosha mkono kikombe kinapodondoka. Quigley akamshika mikono yote miwili, macho yamemlowa.

"Wewe ni malaika. Mimi nisingethubutu kumwomba mtu mwingine yeyote."

Kisha akaketi kwenye kompyuta, na mashine ikaanza kutema vikaratasi vyeupe. Corinne aliokota cha juu. Katika onyesho la leo, nafasi ya Mjane Tollefson itachezwa na Corinne Halvorsen. Kilikuwa bado na joto. Akakiangalia jinsi mtu anavyomwangalia jamaa aliyedhani amemkimbia.

Alikwenda chumba cha kuvalia, akatoa gauni la Mjane kwenye hanga, akaanza kulegeza kiuno chake kwa sindano, maana Britta alikuwa mwembamba. Vidole vilifanya kazi vizuri. Kichwani alikuwa anamwona baba yake safu ya tatu, kafungua kijitabu mahali palipoandikwa Hilda, kisha jukwaani katoka binti mfupi mwenye miwani. Atatikisa kichwa kwa adabu. Atauliza, "Wewe ulikuwa yule wa barua?" Na yeye atasema ndiyo, Baba, na haitakuwa uongo, na itaumiza vilevile.

Mlango ukafunguliwa. Pahoua aliingia na koti bado mwilini.

"Nimeambiwa naingia Hilda."

"Hongera," alisema Corinne. "Utamweza. Pale kwenye ngazi usikimbilie..."

"Sitaki hongera. Mbona umekubali?"

"Ndiyo kazi yangu, binti. Pengo likitokea naziba."

"Hiyo ni kazi yako New York." Pahoua alisukuma miwani juu puani. "Hapa umekuja kufanya nini? Wiki sita unatuambia kiraka anajua nafasi zote. Nimejifunza zote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Profesa hakuniuliza. Wewe pia hukuniuliza!"

Halafu akavua koti, akasimama katikati ya viatu na masanduku, akaanza barua. Alizitaja moja moja, mkono unagonga meza ya vipodozi mpaka makopo ya unga yanaruka. Corinne alisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini. Jina la kumi, safi. La ishirini, safi. La ishirini na saba pumzi ikaisha, sauti ikapasuka, binti akameza majina mawili, akadaka la thelathini, akafika mwisho amekuwa mwekundu.

"Ishirini na saba," alisema Corinne.

"Najua."

"Britta naye hukwama hapo hapo. Huvuta pumzi kwa wizi, na watu husikia." Corinne aliweka sindano chini. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko siku yoyote aliyoshuka zile ngazi za ghorofa tano. "Hapo ilambe stempu."

"Nilambe nini?"

"Wewe si karani wa posta? Toa ulimi, lamba stempu, taratibu, ndefu, halafu ibandike. Wao watacheka. Wewe utakuwa unavuta pumzi."

Pahoua alilamba stempu ya hewani. Akaendelea hadi arobaini, na pumzi ikabaki. Wakatazamana kwenye kioo.

Corinne alipita ukumbini haraka, gauni la Mjane limening'inia mkononi, akamkuta Quigley anachomeka vikaratasi kwenye vijitabu.

"Hapana," alimwambia.

"Hapana nini?"

"Mimi nacheza Hilda. Pahoua ataingia Mjane."

Profesa akamwangalia kana kwamba kiti kimemjibu. "Lakini umeshakubali! Bi Corinne, binti hajafanya mazoezi ya Mjane hata mara moja. Akikwama je? Miaka tisa nimeliandika hili!"

"Akikwama atakwama mbele ya watu wa kwao, nao watampigia makofi. Hatakwama. Niachie naye kwa hizi saa nne zilizobaki."

"Wewe ungeimba bila wasiwasi wowote. Wewe ni hodari wa..."

"Baba yangu anakuja," alisema Corinne. Sauti yake ilipanda na hakuishusha. "Ana miaka themanini na mmoja. Hajaniona hata mara moja. Nimevaa nguo za watu miaka ishirini na mitatu, Profesa, sijawahi kumwambia mtu hapana, na leo nakwambia wewe. Nataka anione mimi."

Quigley aliviangalia vikaratasi mkononi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na roho nzuri, tena naye alikuwa na baba. Akaanza kuvichomoa vikaratasi kimoja kimoja.

"Basi nenda," alisema. "Mbona bado umesimama?"

Walifanya kazi toka saa nne asubuhi hadi saa saba na nusu. Kina mama wa kanisa walileta sinia la viazi na nyama ya kuoka, likapoa bila kuguswa. Mavazi yalimpwaya Pahoua. Yakabanwa kwa pini kumi na moja. Corinne alimtembeza njia ya Mjane mara nane, akimshika mabega kwa nyuma.

"Usijaribu kuwa hodari," alimwambia. "Hodari wengi wamegongana na ukuta. Kuwa mahali pako kwa wakati wake. Kesho utakuwa hodari."

"Na nikisahau?"

"Gonga muhuri ukiwa umekasirika. Karani wa posta akikasirika hakuna anayemuuliza kitu."

Quigley alikuwa amepanga asubuhi hiyo wafanye mazoezi ya kutoka mwishoni kuinama mbele ya watazamaji. Muda ukaisha. "Mtajua wenyewe," alipiga kelele kutoka chini. "Wadogo kwanza, wakubwa mwisho, kama mnavyoona kwingine kote!"

Saa nane kasorobo Corinne alichungulia kwenye upenyo wa pazia, jambo ambalo mwigizaji wa kweli hafanyi. Safu ya tatu, pembeni, alikuwepo. Koti la kanisani. Kofia iko magotini. Kijitabu amekishika kwa mikono miwili, mbali na uso, kama anasoma lebo ya dawa ya ng'ombe, na kidole kimesimama mahali pamoja hakisogei.

Pahoua alipotoka na mfuko wa barua, Corinne alisimama pembeni mwa jukwaa akiwa amekunja ngumi mbili. Kumi. Ishirini. Ishirini na sita. Binti akatoa ulimi, akailamba stempu polepole mno, macho yanawatazama watu mmoja mmoja juu ya miwani, akaibandika kwa kibao. Ukumbi ulilipuka. Watu wa Minnesota si wepesi wa kucheka hadharani, huko "si mbaya" ni sifa ya mwisho, baada yake ni mazishi tu. Lakini siku hiyo walicheka mpaka kiongozi wa bendi akalazimika kungoja. Hakuwa amepanga kungoja. Pahoua akangoja naye, ametulia kama aliyezaliwa posta. Kisha akamaliza barua zilizobaki kwa mkupuo mmoja, na makofi yakaja kama mvua ya mawe kwenye bati.

Alipotoka jukwaani alimpita Corinne bila kumwona. Miwani ilikuwa imejaa ukungu.

Halafu ikafika zamu ya Hilda. Maji yamefika ngazi ya tatu, watu wote wamehama, na mwanamke amebaki peke yake na funguo za vyumba. Corinne alikwenda kwenye sifuri. Alijua kila mtu mwingine yuko wapi nyuma ya jukwaa, wote kumi na wanane, wala hakuwafuata. Alivuta pumzi pale alipotaka yeye. Hakukuwa na mwanamke mwingine ndani ya gauni lile. Aliimba sauti yake yote, ile aliyokuwa akiipunguza miaka yote ifanane na ya watu wengine, na aliposhika noti ya juu hakuiachia hadi alipotosheka. Siku moja, chuo kingine kikilifanya igizo hili, msichana ataambiwa: Hilda husimama hapa, huvuta pumzi hapa. Zitakuwa nyayo zake Corinne. Alifurahi waziwazi, jukwaani, mbele ya watu, katikati ya wimbo wa huzuni, na wimbo ukawa mzuri zaidi kwa hiyo furaha.

Pazia likafungwa, likafunguliwa tena kwa ajili ya kuinama. Muziki ukaanza, mstari wa nyuma ukatoka mbio, na Corinne akatoka nao.

Ndiyo. Miaka ishirini na mitatu kiraka huinama na wale wa mwanzo. Miguu haikuuliza mtu. Alikwenda namba sita kushoto, kati ya wabeba magunia wawili, akainama vizuri, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kuwapigia makofi wanaofuata. Wakaja wenye maduka. Akaja mchungaji. Akaja Pahoua, na watu wakasimama, na Corinne akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha bendi ikafika mahali pa mtu wa mwisho. Katikati ya jukwaa palikuwa patupu. Bendi ikarudia. Watu waliosimama wakaanza kuangalia pembeni, wakimngoja atoke. Corinne naye akaangalia pembeni, akimngoja atoke.

"Bi Corinne," mbeba gunia mmoja alinong'ona. "Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Anayengojwa! Nenda!"

Bendi ikarudia mara ya tatu. Quigley alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati, skafu mkononi, anaipunga kama mtu anayeongoza ndege. Ndipo Pahoua alipoivuka safu, akaweka viganja viwili mgongoni mwa msanii mgeni kutoka New York, akamsukuma.

Alifika mbele akiwa anacheka na machozi yanamtoka. Ukumbi ulielewa kosa lote kwa mara moja, na kelele zilizopigwa hapo sijui niziite nini. Wazee wenye makoti ya kanisani walipiga miluzi. Aliinama. Aliponyanyuka akaangalia safu ya tatu, na baba yake alikuwa amesimama, kofia ameibana kwapani ili apate mikono yote miwili.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini alipomkuta sebuleni mwa ukumbi, kati ya birika la kahawa na sinia za keki. Watu walikuwa wanampa mkono yule mzee kana kwamba yeye ndiye aliyeimba. Corinne alitupa jicho kwenye saa ya ukutani kabla ya kumkumbatia, kwa mazoea ya utotoni.

"Baba, umechelewa. Saa kumi na moja hiyo."

"Naijua saa." Mzee Merle alimshika kiwiko, akamwangalia usoni, bado umepakwa rangi za Hilda. Alikohoa. Alitafuta neno mahali alipozoea kuyakuta maneno, hakulipata, akajaribu pengine. "Kesho pia unacheza?"

"Nacheza, Baba."

"Una hakika? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Saa nane."

Mzee akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Basi nitamwambia Dale akamue peke yake," alisema.